Soksi Nilizozikunja

Asubuhi ile ya mwezi wa nne nyumba yetu ilikuwa imetulia. Binti yangu Nohelia alijilaza kwenye bembea ya wavu barazani, mwanawe wa siku nane kifuani, na mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mahindi na kakao wa kumwongezea maziwa ya kunyonyesha. Joto la hapa kwetu Choluteca, kusini mwa Honduras, mnalijua. Hata kuku walijibanza nyuma ya pipa la maji, midomo wazi.

Wazazi wenzangu, mimi ni Eulalia, niliishia darasa la sita. Mtanivumilia nikikosea kuandika, ila haya niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nohelia alijifungua kwa upasuaji. Siku ya kutoka hospitali nesi alimvisha soksi nyeupe za kubana, ndefu mpaka mapajani, akaniambia mimi, si mwingine: "Mama, hizi zinasaidia damu isituame miguuni. Azivue akioga tu. Msizikunje. Na kila siku atembee kidogo kidogo." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kuitikia ni rahisi.

Nyumbani nikafuata ya kwetu. Arobaini ni arobaini: mzazi hafagii, hatembei, hagusi maji baridi. Mama yangu alinilaza hivyo, nami nikamlaza binti yangu.

Jirani yetu Fidelina alikuja kuona mtoto, akacheka mpaka akashika ukuta.

"He! Nohelia, na soksi hizo za mpira, mechi saa ngapi? Unacheza namba ngapi?"

"Usinichekeshe bwana, mshono utaniuma. Mami, hizi soksi zinaniivisha kama unga wa nakatamali unaochemshwa ndani ya majani ya mgomba!"

Nikamwonea huruma. Nikazikunja mpaka chini ya magoti, zikakaa kama pete mbili nene. "Afadhali," akasema, na mimi nikajiona mama mwema. Zikakaa hivyo siku tatu.

Sasa asubuhi ile nikiwa na mwiko mkononi, akaniita.

"Mami, mguu wa kushoto unauma. Unavuta kwa ndani."

Nikaivuta soksi. Ilikuwa imechora mfereji mwekundu chini ya goti, na kigimbi kimevimba, kinang'aa, kimempita mwenzake kwa mbali. Nikagusa. Moto.

Hapo ndipo nilipopaswa kukimbilia hospitali. Sikukimbia. Nilisema baridi imemwingia, nikatuma aitwe Bi Tiburcia, mkandaji aliyenyoosha vifundo vya nusu ya mtaa huu. Alikuja na chupa yake ya mafuta, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kigimbi. Hakukanda. Akagusa mguu wa pili, akarudi kwa ule wa kwanza. Kisha akafunga chupa.

"Huu sikandi."

"Bi Tiburcia, mwanangu anaumia jamani!"

"Eulalia, msuli uliokaza naujua. Huu si msuli. Niliwahi kukanda mguu kama huu, wa shemeji yangu. Alikata roho kabla sijanawa mafuta mikononi. Mpeleke sasa hivi, na mtu asiuguse."

Nikaificha mikono yangu nyuma. Kwa sababu wakati tunamsubiri, nilikuwa nimeshausugua. Kwa dole gumba, kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu.

"Mami," Nohelia akasema, "pumzi haishuki."

Mume wa Fidelina akawasha pikapu. Njia nzima nilimshika mjukuu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine niliuweka kifuani kwa mama yake. Kifua kilipanda haraka haraka, kifupi kifupi, na midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Sikulia. Niliogopa nikilia sitasikia pumzi zake.

Daktari alisema damu imeganda mguuni, na kipande kimekwenda pafuni. Akauliza, "Kuna aliyeukanda?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Walimchoma sindano za kuzuia damu isigande zaidi, na woga wangu ukayeyuka polepole, siku baada ya siku. Siku ya kumi na mbili ya kulazwa alirudi nyumbani. Sasa anazunguka ua asubuhi na jioni, soksi zimenyooka, na Fidelina ndiye anayembebea mtoto.

"Mechi inaendeleaje?" anamuuliza, lakini hacheki.

"Kipindi cha pili," Nohelia anamjibu.

FUNZO

Mgonjwa wa upasuaji akipewa soksi za kubana, zivaliwe kama alivyosema nesi, zimenyooka. Zikimchoma, rudini mkaulize, msizikunje. Arobaini si kulala kama gogo. Atembee kama alivyoagizwa. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kupata moto, msikande, msisugue, nendeni hospitali. Pumzi ikikata, msimngoje mtu yeyote.

Huruma yangu ilitaka kuniulia mwanangu. Mpaka leo akilala mchana kimya sana, naacha mwiko, naenda kumwekea kiganja karibu na pua.