Mwanamke wa Kijani kwenye Simu ya Ratri

Siku ile nyumbani walikuwapo Ratri, mumewe Danang, mkunga wa kijiji Bibi Karsiyem, na kichanga Bagaskara, ambaye hakuwa amenyonya tangu asubuhi.

Ilianza kidogo tu. Mimba ikiwa kubwa, Ratri alitafuta kwenye simu maana ya jina Bagaskara. Tangu hapo kila ukurasa alioufungua ulifunikwa kwanza na tangazo: mwanamke mwenye kebaya, blauzi ya kienyeji, ya kijani, anatabasamu, mikono wazi. Halikuuza kitu. Mtoto alipozaliwa, likaanza kumwita kwa jina lake.

Danang aliipigia kampuni ya intaneti.

"Matangazo tunayapachika sisi, kaka," mhudumu alisema. "Kurasa zenu zinapita kwetu kwanza." Kisha akanong'ona: "Lakini hilo la kijani si letu. Kwangu linamwita binti yangu."

Magharibi Ratri alishika simu kutafuta dawa ya homa, na harufu ya asumini ikajaa chumbani, na yule mwanamke akafumbua kinywa akaita, "Bagaskara," taratibu kama mama anayebembeleza, na mtoto, aliyekuwa amelegea kama kitambaa kibichi, akageuza shingo yake changa kuelekea kwenye sauti, na Ratri alipoizima simu sauti ikaendelea kuita, sasa kutoka ukutani, ulikopita waya wa intaneti.

"Jina limemlemea," alisema Bibi Karsiyem, akipuliza viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mtoto. "Na huyo mwanamke ameshalijua. Mtupeni."

"Bibi!"

"Kwa kuigiza tu, mwanangu. Mlazeni kwenye ungo pale uani. Mimi nitamwokota."

Walimlaza. Danang alivua shati lake akamfunika. Bibi akapita kama mpita njia, akapaza sauti:

"Heh! Nani katupa kitoto hiki? Pua mbaya hivi! Basi nimeokota, ni wangu, jina lake Temon, yaani wa kuokotwa!"

"Pua ya baba yake hiyo, Bibi," Danang alisema, anacheka na machozi yanamtoka.

Ndani ya nyumba sauti iliita Bagaskara, ikaita tena kwa ukali, ikapanda mpaka ikawa kilio cha mtu aliyefiwa, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Mtoto hakugeuka. Alikuwa anatafuta ziwa.

"Mnyonyeshe mwanangu," Bibi alimwambia Ratri. "Nakuazima."

Waya waliukata kesho yake. Temon sasa yuko darasa la kwanza.