Meno ya Rangi ya Gauni

Ting, ting. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika, Moelagi alisikia mlio huo mdogo. Yalikuwa meno ya bandia ya Bibi Sieni yakigonga ukingo wa gilasi, bibi alipokuwa akiyatoa majini na kuyapangusa kwa upindo wa nguo yake. Moelagi alikunja mkeka, akachukua ufagio wa vijiti vya mnazi na kwenda kufagia majani ya mshelisheli uani. Bibi naye aliwasha moto na kuchemsha kakao.

Moelagi alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na bibi yake katika kijiji kimoja cha kusini mwa Upolu, Samoa. Mwezi huo wa Oktoba watoto wote walikuwa wakisubiri Jumapili Nyeupe, siku ambayo watoto huvaa nguo nyeupe, husema kanisani mistari waliyokariri, na mchana hula kabla ya wakubwa. Mwaka huo mke wa mchungaji, ambaye ndiye aliyewafundisha, alimpa Moelagi mistari mirefu kuliko yote. Angesimama mbele peke yake.

Alifurahi, na papo hapo akaogopa. Alipokuwa na miaka tisa alianguka kwenye ngazi za kanisa, na jino lake moja la mbele likageuka polepole likawa rangi ya chai. Tangu hapo alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Aliyejua jinsi jino lile lilivyomuumiza moyo alikuwa rafiki yake Vaosa peke yake. Mvulana mmoja darasani alipowahi kumwita Moelagi "Kikombe cha Chai", Vaosa alimjibu kwamba yeye masikio yake yangetosha kuwa sahani ya hicho kikombe. Darasa zima lilicheka, na jina lile halikusikika tena. Moelagi hakusahau wema huo.

Kwa hiyo Vaosa alipokuja na kiboksi mkononi, Moelagi hakuwa na shaka yoyote. Ndani mlikuwa na jeli ya kung'arisha meno. Shangazi yake Vaosa alikuwa amemtumia Mama Fetu, mama yake Vaosa, kutoka Auckland.

"Mama amekisahau kabatini," alisema Vaosa. "Tutumie pamoja. Tukisemwa, tusemwe wote wawili."

Ndani ya kiboksi mlikuwa pia na kadi iliyochorwa vijino kumi na sita, kuanzia rangi ya ndizi mbivu hadi weupe wa karatasi. Mtumiaji alitakiwa kuchagua rangi anayoitaka. Wasichana wakaipeleka kadi kwenye kamba lilikoanikwa gauni jipya la Moelagi la Jumapili Nyeupe, wakaibandika juu ya kitambaa. Kila kijino kilionekana kichafu mbele ya gauni lile, isipokuwa cha mwisho.

"Hiki hapa," alisema Vaosa. "Meno na gauni, sare."

Moelagi akakitia alama ya penseli. Vaosa naye akatia yake pembeni, kisha akamwomba Moelagi akitunze kiboksi, kwa kuwa kwao kingeonekana upesi. Kadi akabaki nayo yeye.

Karatasi ya maelezo ilisema dakika kumi na tano. Moelagi alikaa na jeli kwa saa nzima kila jioni baada ya sala ya nyumbani, akijificha nyuma ya nyumba. Siku ya tatu fizi zilianza kuwaka. Siku ya tano alishindwa kunywa maji ya baridi, na fizi zilikuwa na mabaka meupe. Meno mengine yalikuwa yameng'aa kama chaki, lakini jino la chai halikubadilika hata kidogo. Katikati ya weupe ule lilionekana jeusi zaidi.

Alimuuliza Vaosa yeye anaendeleaje. Vaosa alijibu bila kumtazama kwamba meno yake ni mazito kushika rangi. Moelagi alimwamini.

Siku ya sita, walipokuwa kwenye mazoezi ya kanisani, Mama Fetu aliingia, akayatazama meno ya Moelagi yaliyong'aa, akamnong'oneza mke wa mchungaji. Moelagi akaitwa mbele. Aliulizwa kama kiboksi kiko kwao, akakubali. Aliulizwa kilifikaje. Akageuka kumtazama Vaosa, akimsubiri ainuke wasimame wote wawili kama walivyoahidiana.

Vaosa aliinuka kweli. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Alikichukua alipokuja kwetu kucheza," alisema. "Mimi sikujua."

Moelagi aliziba mdomo kwa kiganja. Fizi zilikuwa zikiuma, na sasa kifuani kulikuwa na kitu kilichouma kuliko fizi. Mke wa mchungaji alimwambia kwa upole kwamba mistari mirefu atapewa mwingine. Akampa Vaosa.

Nyumbani Bibi Sieni hakupandisha sauti. Alimpa uji wa magimbi uliopoa, kwa kuwa aliona anavyotafuna kwa shida, akamwacha alie mpaka amalize.

"Uliiba?" aliuliza.

"Sikuiba, Bibi."

"Ulificha?"

Moelagi aliinama, akakubali kwa kichwa.

"Basi hilo la kwanza si letu," alisema bibi. "La pili ni letu."

Asubuhi walikwenda kituo cha afya kwa Dada Etevise, mtaalamu wa meno. Alimkagua, akampa dawa ya fizi, akamweleza kwamba jeli ile haikutengenezwa kwa ajili ya watoto, na kwamba jino lililokufa mshipa haling'ariki kwa kupakwa juu. Lingefunikwa kwa dawa ngumu ya rangi ya jino. Kisha akamsogeza dirishani penye mwanga wa jua, akatoa vijino vya mfano vilivyopangwa kwenye ufito.

"Chagua."

Moelagi akanyoosha kidole kwenye cheupe kuliko vyote. Dada Etevise akatabasamu, akakiweka kando ya jicho la Moelagi na kumpa kioo.

"Kimezidi weupe wa jicho lako, unaona? Meno yakilizidi jicho, mtu anayaona meno, wewe hakuoni. Tena leo hatuwezi kulinganisha. Tusubiri wiki mbili, rangi yako yenyewe irudi." Akamgeukia Bibi Sieni. "Huyu bibi yako, wenzake wote walitaka meno ya bandia meupe pepepe. Yeye aliniambia nimpe meno yanayofanana na mtu aliyekula magimbi miaka sitini. Mpaka leo kuna watu kanisani wanadhani ni ya kuzaliwa."

Bibi alicheka. Moelagi hakucheka. Alikuwa akimfikiria Vaosa akisoma mistari yake.

Kesho yake ule mlio wa gilasi ulisikika mapema kuliko siku zote. Moelagi alipofungua macho, bibi alikuwa amevaa, na mikononi ana mkeka laini wa thamani, ule ambao hutolewa kwenye arusi na misiba tu. Moelagi alielewa mara moja. Kwao, mtu akiikosea familia nyingine, jamaa zake huenda alfajiri kukaa mbele ya nyumba ile wamejifunika mkeka, wakisubiri wafunuliwe na kusamehewa.

"Bibi, wao ndio walionikosea," alisema, na sauti ikamkatika. "Hata wewe huniamini?"

"Nakuamini. Naenda kwa ajili ya la pili."

Moelagi alimfuata kwa hasira. Lakini bibi alipopiga magoti kwenye mawe mbele ya nyumba ya Mama Fetu, magoti yale yaliyokuwa yakimsumbua kila mvua ikinyesha, hasira ikapungua. Akaingia chini ya mkeka akakaa karibu naye. Bibi akamshika mkono.

Kulipokucha walisikia nyayo. Mama Fetu alitoka, akashtuka, akaja mbio kumfunua mama mtu mzima. Kabla hajaushika mkeka, kilio kikasikika nyuma yake.

"Mama, anayestahili kukaa pale ni mimi," alisema Vaosa. "Mimi ndiye niliyekitoa kabatini. Shangazi aliandika kwenye barua si kitu cha watoto, nikaogopa kukitumia, na sikumwambia Moelagi. Halafu nikakuogopa wewe."

Alikuwa ameshika ile kadi yenye alama mbili za penseli. Mama Fetu aliitazama, akauondoa mkeka kwa mikono miwili, akamwinua Bibi Sieni, kisha akampigia Moelagi magoti na kumwomba radhi. Siku ileile alimpeleka Vaosa kwa mke wa mchungaji akaseme yote.

Jumapili Nyeupe Moelagi alisimama mbele akasema mistari mirefu aliyorudishiwa, akiwa na jino lake la chai. Katikati alianza kuinua kiganja, akamwona bibi akitikisa kichwa taratibu. Akaushusha mkono, akamaliza bila kukosea.

Siku chache baadaye walirudi kwa Dada Etevise. Safari hii Moelagi hakuharakisha. Alivishika vijino kimoja kimoja dirishani, akachagua kilichofanana na meno ya jirani, chenye umanjano kidogo kama maziwa. Kazi ilipokwisha, alijitazama kwenye kioo na hakuona jino jipya. Aliuona uso wake tu.

"Ungeniambia jino linakuumiza moyo, tungekuja hapa tangu mwaka juzi," alisema bibi wakirudi. "Usitie dawa mdomoni bila kumwambia mtu mzima. Na mkikosea wawili, semeni wawili. Vaosa amejifunza hilo kwa machozi. Wewe jifunze kwa kumwona."

Jioni hiyo bibi alimtuma kwa Mama Fetu na sahani ya magimbi ya nazi. Vaosa, aliyekatazwa kutoka nje kwa mwezi mzima, alikuwa amekaa kando ya nguzo ya nyumba.

"Ni lipi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tafuta."

Vaosa alisogea akatazama kwa muda mrefu, mara huku, mara kule, akashindwa. Moelagi akacheka, mikono yake ikiwa imeshika sahani. Kisha akakumbuka, kicheko kikakoma. Kifuani palikuwa bado hapajapona. Akaiweka sahani chini, akaaga, akashika njia.

"Moelagi," aliita Vaosa kutoka kwenye nguzo. "Utakuja tena? Hata kama si kesho. Njoo tena."