Sweta Kwenye Tundu la Hewa

Kila asubuhi ya baridi mama mkwe wangu, Genowefa, ndiye huwasha jiko. Hataki mtu mwingine aliguse. Huchochea makaa ya mawe, huinjika viazi, na siku zile aliinua pia macho juu ya kabati kuhakikisha sweta lipo mahali pake.

Sweta hilo lilikuwa la marehemu mumewe. La sufu, la kijivu, lenye vifungo vikubwa. Mama mkwe alikuwa amelishindilia kwenye tundu la hewa ukutani, karibu na dari.

"Mama, tundu lile limewekwa kwa kazi yake," nilimwambia.

"Kazi yake ni kuniibia joto. Nibebe makaa kutoka ghalani, halafu nikaipashe moto theluji?"

Nikalitoa. Akalirudisha. Siku ya pili nikalitoa tena. Akalirudisha, safari hii akalisukuma kwa mpini wa ufagio. Mume wangu, Irek, alikuwa anavaa viatu aende zamu mgodini.

"Mama ndivyo alivyo," alisema.

Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Lililoniuma ni mtoto wetu. Jagna ana miaka sita. Tangu baridi ianze, alikuwa anaamka kichwa kinamuuma. Anatapika uji. Akifika shule, anacheza kama wenzake. Jumapili anarudi kutoka kanisani mzima. Tukikaa jikoni saa mbili tu, analegea na kulaza kichwa mezani.

"Ni peremende hizo," alisema mama mkwe.

"Hajala peremende, Mama."

"Basi ni kwa kuzikosa."

Na yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu.

Kisha tangazo likabandikwa langoni. Msafisha dohani atakuja kesho kukagua mabomba ya moshi. Hapa kwetu, ukimwona msafisha dohani njiani na nguo zake nyeusi, unashika kifungo chako upate bahati. Mama mkwe hushika viwili. Lakini kumwonyesha nyumba jinsi ilivyo, hapana. Asubuhi ya ukaguzi alitoa sweta, akalificha kwenye kapu la viazi. Akafuta vumbi kwenye tundu. Akafungua na dirisha.

Bwana Brunon, msafisha dohani, alipofika, alishika kipande cha karatasi mbele ya tundu. Karatasi ikavutwa, ikanata.

"Safi," alisema, akatoa daftari lake. Mama mkwe alikuwa ameshamkatia keki.

Nikamtazama Jagna. Macho yake yalikuwa mazito, na ndiyo kwanza asubuhi. Nikachoka. Nikatoa sweta kwenye kapu, nikapanda kiti, nikaliziba tundu lile. Nikashuka nikafunga dirisha.

"Bwana Brunon, sasa pima. Hivi ndivyo tunavyoishi."

"Bogna, unaniaibisha mbele ya mgeni," alisema mama mkwe.

"Acha nikuaibishe, Mama."

Bwana Brunon alikaa, akanywa chai taratibu. Kisha akafungua kimlango cha jiko, akashika karatasi yake pale. Ilipaswa kuvutwa kuelekea motoni. Ikainama upande wetu, na moshi ukaifuata. Kifaa kidogo cha kupima hewa kifuani pake kikaanza kulia.

"Nje wote. Mtoto kwanza."

Alifungua dirisha na mlango, akatufuata. Tulisimama kwenye theluji, mama mkwe bado ana kisu cha keki mkononi.

"Bibi Genowefa, nimekuja humu mara saba," alisema bwana Brunon. "Kila mara umenionyesha nyumba nyingine."

"Mwaka wa thelathini huu naziba tundu lile. Nimekufa?"

"Madirisha haya mmeyaweka lini?"

"Mwaka huu, kabla ya baridi," nilijibu.

"Ya zamani yalikuwa na nyufa. Upepo ulipenya, ndio uliokuokoa. Haya hayapitishi hata unywele. Bibi, moto nao unapumua. Ukikosa hewa, unatoa sumu. Huioni, huinusi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika. Ukiona hivyo, fungua madirisha, toka nje, ita msaada. Usiseme ngoja nijilaze kidogo. Unaweza usiamke."

Mama mkwe alimtazama Jagna.

"Nilitaka tu apate joto," alisema.

"Mpelekeni zahanati sasa hivi. Na wewe, Bibi, nenda nao."

Kule waliwavalisha barakoa wote wawili, wakapumua oksijeni mpaka mchana. Bwana Brunon alizima jiko, akakwangua masizi ya dohani, akatundika ukutani kengele ndogo ya kutambua ile sumu. Sasa tundu liko wazi. Jiko likiwaka, tunaacha dirisha upenyo wa kidole kimoja.

Jagna anamaliza uji na kuomba mwingine. Mama mkwe analalamika kwamba anaupasha moto mtaa mzima, lakini kitambaa cha kichwani amekivua. Analivaa sweta la mumewe.

Wiki iliyopita bwana Brunon alipita barabarani na brashi yake begani. Mama mkwe alishika kifungo cha sweta. Kisha akafungua dirisha lote.

"Brunon, ingia ukague. Leo sijakuandalia kitu."

"Hata keki?"

"Keki ipo. Tundu ndilo sijaliandaa."