Mkono wa Kwanza ni Wangu

Aliingia kinyumenyume. Mgongo ulitangulia, kisha kisogo, kisha mkono mmoja ulioshika sanduku la spana. Mkono wa pili ulikuwa umeng'ang'ania suruali kwa nyuma. Ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilikuwa imefurika watu asubuhi hiyo, wauza viatu wakiita wateja na redio zikigombana. Katika kibanda cha mwisho, mshonaji mmoja, msichana mfupi aliyevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni kama mkufu, aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akamtazama mgeni huyo.

"Kaka, mbele ni huku," alisema.

"Najua, dada. Nikigeuka utanicheka."

Alikuwa fundi wa mafriji, kijana mrefu ambaye wenzake walimwita Barafu. Kona ya friji ilikuwa imempasua suruali kuanzia mfukoni, na zahanati ya mtaa wa pili ilikuwa ikimsubiri kwa sababu friji la chanjo limeanza kupata joto. Mshonaji akamwelekeza nyuma ya pazia, akapokea suruali kwa juu, akaanza kazi.

Huko nyuma ya pazia Barafu hakuwa na la kufanya ila kusoma tangazo lililobandikwa ukutani. Lilikuwa la chuo: cheti cha msaidizi wa tabibu, mafunzo ya mwaka mmoja. Kupokea wagonjwa, kupima presha, kuandaa vifaa vya daktari, kuchoma sindano, kuchukua damu. Aliuliza ni la nani. Mshonaji akamjibu, cherehani ikiendelea kulia, kwamba ni lake, na amelibandika hapo kwa sababu wateja wakiingia hutazama kioo tu, hakuna anayelisoma. Tangu baba yake alipougua, akamwona msaidizi mmoja aliyemwita mzee kwa upole na kuupata mshipa wake mara ya kwanza, wakati wengine walikuwa wamemtoboatoboa, hakuweza kuisahau ile mikono.

Nyuma ya pazia kikasikika kishindo kidogo.

"Uko hapo?"

"Nipo. Ila ulipofika kwenye mshipa nimekaa chini."

Mshonaji alicheka mpaka uzi ukakatika. "Mwanaume mzima, unabeba friji mgongoni, unaogopa kisindano?"

"Friji halichomi." Kisha, kama mtu anayetaka kurudisha heshima yake, akauliza wanafunzi hujifunzia kwa nani. Akaambiwa kwanza kwa mikono ya plastiki, halafu kwa ndugu au rafiki anayekubali. "Basi ukienda chuo, mkono wa kwanza ni wangu. Nakuahidi."

"Ahadi ya mtu asiye na suruali?"

Tangu siku hiyo mashati ya Barafu yakapatwa na ugonjwa. Leo kifungo cha shingoni, kesho cha mkononi. Mama mdogo wa yule mshonaji, mwenye kibanda, aliyekuwa akikunja pindo kwenye kona, alimtazama juu ya miwani akauliza kama kijana huyu vifungo anavila. Ndipo Barafu akaanza kumwita yule mshonaji Kifungo, na jina likamkaa. Simu zikafuata. Mchana alipiga kuuliza kama amekula. Jioni alipiga kumweleza friji gani limemshinda. Mara nyingine hakuwa na neno lolote, akasema tu anapenda kuisikia cherehani.

"Mpigie cherehani, basi," Kifungo alimwambia.

"Haina sauti kama yako, mpenzi."

Muda wa kujiandikisha chuoni ulipokaribia, mama mdogo alisema neno moja: hamu hailipi ada, pima kwanza. Na kupima hakukuwa rahisi. Ada ilikuwa sawa na bei ya mashine ya kudarizi ya Kifungo, ile iliyompatia wateja wa magauni ya harusi. Juu yake kulikuwa na sare, vitabu, na asubuhi za mwaka mzima nje ya kibanda. Akishamaliza, mshahara wa kuanzia ungekuwa chini ya anachopata msimu wa harusi. Msimu ukipita, kweli, kibanda hukaa kikimtazama.

Alimwomba Barafu amsaidie kuamua. Walikaa kwenye benchi nje ya jengo, kila mmoja na chupa ya soda, naye Barafu akaazima chaki ya kushonea, akaandika sakafuni kwa bidii kabisa. Alipima kama alivyozoea kumpimia mtu mwenye friji bovu: matengenezo ni kiasi gani, litarudisha nini, na kwa muda gani. Kisha akapangusa vidole.

"Kwa hesabu hii, Kifungo, mwenye mali ningemwambia asitengeneze. Aendelee hivyohivyo mpaka liishe."

Kifungo aliisoma ile hesabu mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi ni friji bovu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Tena juzi ulikuwa unazungumzia ndoa. Mke mwenye kibanda hana gharama, si ndiyo? Unamwacha hivyohivyo mpaka aishe." Alinyanyuka, akafuta hesabu kwa kiatu, akaingia ndani.

Barafu alipiga simu jioni, haikupokewa. Alipiga tena kesho yake, ikapokewa na mama mdogo. Aliuliza kama Kifungo yupo.

"Yupo, mwanangu," mama mdogo alisema. "Ila kwako hayupo."

Wiki ile friji la chanjo likasumbua tena. Barafu alilala chini nyuma yake, tochi mdomoni, akimsikiliza msaidizi wa tabibu akimbembeleza mtoto aliyekuwa akilia. Msaidizi huyo alikuwa mama mnene mwenye kalamu kwenye nywele. Mtoto aliponyamaza, Barafu alimuuliza, bila kutoa kichwa, kama kile cheti kinalipa.

Yule mama hakupamba maneno. Alisema mshahara wa mwanzo ulimtia aibu kumtajia mama mkwe. Miguu huvimba, na si kila mgonjwa anajua kusema asante. Lakini mwisho wa mwezi unafika, mvua inyeshe isinyeshe. Baadaye walimwongeza, na sasa cheti kilekile kimempatia nafasi ya masomo ya uuguzi. "Nilipoanza sikujua hata kumtuliza mtoto," alisema. "Sasa wananiletea waliowashinda wenzangu."

Barafu alibaki amelala nyuma ya lile friji hata baada ya kumaliza kulitengeneza.

Alipokuja kibandani aliingia kwa mbele, shati lake la buluu limepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Mama mdogo alimkagua kuanzia shingoni.

"Leo umekatikiwa nini?"

"Adabu, mama. Nimekuja kuishona."

Mama mdogo alikumbuka ghafla kwamba anahitaji uzi mweupe, akatoka. Kifungo hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Friji kila mwaka linachakaa," Barafu alisema. "Ndiyo maana huwa nauliza kama linafaa gharama. Wewe kila mwaka utajua zaidi ya mwaka uliopita. Nilikupigia hesabu ya kitu kinachokwisha." Akamweleza yote aliyoyasikia zahanati, matamu na machungu, hata ile miguu kuvimba.

Kifungo aliizungusha chaki kiganjani. "Unajua nilikasirika kwa nini? Hata mimi nilikuwa nimepiga hesabu, nikafika hapohapo ulipofika. Nilitaka nipate mtu mmoja asiyefika hapo."

"Na bado unataka kusoma?"

"Bado nataka."

Barafu alitaka kuchangia ada, akakataliwa. Kifungo alisema mashine ya kudarizi itauzwa, cherehani itabaki kwa ajili ya mchana, na kama ana nguvu za bure azitumie mgongoni. Barafu akaibeba mashine ile mwenyewe mpaka kwa mnunuzi, Kifungo akitembea kando yake, mkono juu ya mashine kama anayeaga ndugu.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Asubuhi Kifungo alikuwa darasani ndani ya sare aliyojishonea, mchana akikimbizana na pindo za watu. Msimu wa harusi wateja wakamkimbia, na hilo lilimuuma. Lakini akipiga simu, alikuwa akisimulia mapigo ya moyo kwa sauti ambayo Barafu hakuwahi kuisikia akisimulia gauni.

Ikafika siku ya kuchukua damu kwa mtu. Mafunzo kwa vitendo yalikuwa kwenye zahanati ileile, na msimamizi alikuwa yule mama wa kalamu. Barafu aliingia na shati jeupe, jasho limeshamlowesha kola.

"Naweza kumwomba mwingine," Kifungo alimnong'oneza.

"Niliahidi."

Alikaa, akanyoosha mkono. Kifungo akaufunga mpira, akapapasa kwa kidole kama anayetafuta mshono. "Niangalie mimi, usiangalie mkono."

Barafu alifumba macho. "Kifungo, ukishamaliza chuo, utakubali kuolewa na mtu aliyewahi kuzimia?"

"Tulia kwanza. Vuta pumzi."

Sindano iliingia mara moja tu, damu ikapanda kwenye kichupa. Barafu akakosea akafungua jicho moja, akaona, akaegemea taratibu kwenye bega la msimamizi.

Alipozinduka alikuwa amelazwa, miguu imeinuliwa juu ya mto, pamba imebandikwa mkononi, na Kifungo ameshika vidole vyake.

"Niliutikisa mkono?"

"Haukutikisika hata kidogo, mpenzi."

"Na lile swali langu?"

"Nilijibu ndiyo. Ila wewe hukuwapo."

Barafu alivuta pumzi ndefu, akatabasamu akitazama dari. "Basi rudia," alisema. "Sasa nipo."