Mtu wa Ziwa

Ijumaa ile City Market ilikuwa imefurika. Kila mtu alitaka samaki wa wikendi, na kila mtu alitaka ahudumiwe kwanza. Obuya alisimama kwenye foleni na ovaroli yake ya fundi wa lifti, grisi mikononi, akimhakikishia mamake kwa Kijaluo kwamba amekumbuka, hajasahau, samaki wa ngege, mkubwa. Alipokata simu, mtu alimgusa bega.

"Samahani, wewe ni mtu wa ziwa, si ndiyo? Nichagulie mmoja poa. Hawa wakisikia jina langu wanajua nimetoka Mwingi, wananipea wa juzi."

Aligeuka. Dada alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa barabara, raba nyeupe, msuko umefungwa juu, koti jeupe la duka la dawa limekunjwa mkononi. Obuya alizaliwa mtaa wa Woodley, hapo hapo jijini, na kulelewa Woodley, na samaki aliyemfahamu vizuri ni yule aliyekwisha kuingia kwenye sahani. Angesema hivyo, mambo yangeishia hapo. Lakini mrembo amekuomba, utasema hujui? Akainua shavu la samaki, akachungulia ndani kwa uzito mkubwa, akasema, "Huyu."

"Na akiwa ameoza?"

"Utanipigia simu unitukane."

"Na sina namba yako."

"Si ndiyo hapo sasa."

Namba akapewa, na Jumapili alipiga. Samaki alikuwa mtamu, na yeye jina lake ni Mwongeli, anafanya kazi famasi ya hospitali huko Parklands. Kufikia Agosti walikuwa hawawezi kulala bila kusikizana.

Ila Mwongeli alipenda maji. Kila Jumamosi alikuwa kwenye bwawa la kuogelea la Parklands na chama chake cha wazamiaji, wale wa mtungi wa hewa mgongoni, na likizo ya Desemba alitaka waende kuzamia baharini, yeye na mwanamume wake wa ziwa. Obuya hakuwahi kumwambia kwamba anajua kuogelea. Tatizo ni kwamba hakuwahi kumwambia hajui.

Walikuwa kwenye mkahawa mmoja wa Kimathi Street, Mwongeli amejipaka rangi nyekundu ya mdomo, simu imewekwa katikati ya vikombe.

"Haya babe, chagua. Watamu, Pemba ama Mafia?"

"Watamu ni joto."

"Ni pwani, mpenzi. Kwani ulitaka theluji?"

"Pemba je?"

"Pemba mikondo iko na nguvu, lakini wewe si mgeni wa maji. Mimi moyo wangu uko Mafia. Kuna papa potwe, mkubwa kama basi na hana noma na mtu. Unaogelea tu kando yake. Cheki."

Kwenye video mtu alikuwa akishuka taratibu kwenye buluu, mapovu yakimpita usoni kwenda juu. Obuya aliondoa macho kwenye simu. Aliuhisi tena mkono wa pasta kisogoni. Alikuwa darasa la sita, wamempeleka ushago, kijijini kwao, kanisa limesimama ukingoni mwa Mto Yala likiimba wimbo wa ubatizo, na pasta alimzamisha kabla hajavuta pumzi. Aliyanywa maji yale, akamuuma pasta mkono, akatoka mtoni akikimbia na kanzu yake nyeupe kabla ya amina. Tangu siku hiyo huoga kwa karai.

"Ndege ya Mafia ni ndogo sana," alisema.

"Wewe unaning'inia kwa shimo la lifti ghorofa ya ishirini, leo unaogopa ndege?"

Mwongeli alicheka. Obuya akajilazimisha kucheka pia.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Watamu ikawa na mbu, Pemba ikawa mbali, Mafia ikawa na mvua ambayo hakuna aliyeitabiri. Mwongeli akaacha kucheka. Siku moja alimpigia mchana, Obuya akiwa juu ya lifti kwenye jengo la ofisi mjini.

"Obuya, uko na bibi ushago?"

"Nini?"

"Niambie tu. Kila mahali watu watatuona pamoja, uko na sababu. Kitu inaniuma ni kungojeshwa."

"Si hivyo, Mwongeli."

"Basi ni nini?"

Angeweza kusema. Naogopa maji, basi. Lakini aliyependwa sokoni ni mtu wa ziwa, na huyu muoga wa karai nani angempenda? Aliishika kwa nguvu kamba ya chuma ya lifti.

"Sawa," Mwongeli alisema, sauti imekuwa baridi. "Chama kinaenda Mafia. Huko chini hakuna kuzamia peke yako, lazima uwe na mwenzi, anacheki hewa yako na wewe unacheki yake. Hiyo nafasi nilikuwekea wewe. Nitaenda na Musili."

Simu ikakatika. Musili, mzamiaji wa chama kile, alikuwa na nyumba Loresho kwa matajiri, mabega mapana na viatu vya kuogelea vyake mwenyewe. Obuya alikaa na hofu mbili, asijue ipi kubwa. Usiku wa tatu bila simu alijua ni ile ya kumkosa Mwongeli.

Jumamosi alienda Parklands. Mwongeli alikuwa ndani ya bwawa, upande wa kina kifupi, kwenye suti nyeusi ya mpira, akivua mtungi. Alimwona, akamgeuzia mgongo. Obuya alivua shati akabaki na kaptura mpya yenye bei bado imening'inia, akashika chuma cha ngazi, akashuka. Maji yalipofika kiunoni meno yalianza kugongana.

"Unatetemeka nini? Maji si baridi."

"Sina bibi. Naogopa maji. Naogopa mpaka nasikia aibu."

Akamweleza yote, pasta, mto na kanzu, mikono yote miwili ikikumbatia chuma. Mwongeli aliuweka mtungi ukingoni mwa bwawa.

"Mtu wa ziwa," alisema.

"Wa Woodley."

"Wiki hizo zote nalowesha mto wa kitanda kwa machozi, kumbe ni karai." Alitaka kucheka lakini hasira haikuwa imekwisha. "Sasa nisikize. Kanisani kwetu hawafungishi harusi mtu hajabatizwa. Na wanazamisha."

Hilo Obuya hakuwa amelifikiria. 

"Harusi ya nani?" aliuliza.

Mwongeli akaangalia pembeni. "Nimesema tu."

"Nizamishe."

"Mimi si pasta."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Mwongeli alimsogelea, akambandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye chuma. "Vuta pumzi. Wewe ndiye utasema saa ngapi. Ukitaka kutoka, nifinye, tutoke. Sitakushikilia chini."

Obuya alichelewa sana kusema "sasa", na Mwongeli alingoja. Kisha wakaenda chini. Mlio ule ule wa Mto Yala ukajaa masikioni, kifua kikapiga kelele, akafungua macho na kuuona uso wa Mwongeli karibu, unamngoja. Akamfinya. Wakatoka. Alikohoa kama mgonjwa, pua inachuruzika, hakuna shujaa yeyote pale.

"Haya, chagua," Mwongeli alisema akimpangusa uso. "Watamu, Pemba ama Mafia?"

"Mwingi."

"Mwingi hakuna bahari, babe."

"Kuna babako. Nataka kumpelekea mbuzi."

Mwongeli aliacha kumpangusa. Binti wa Kikamba haelezwi mbuzi hao ni wa nini. Bila wao, hata mkikaa pamoja hadi uzeeni, kwao hamjaoana.

"Unajua mzee ataniuliza mbele ya watu kama hao mbuzi wapokewe?"

"Naogopa hiyo kushinda maji."

"Vizuri. Uogope." Mkono wake ulikuwa bado umeshika wake. "Na Mafia?"

"Enda uzamie. Nitakaa kwa boti na jaketi la kuelea, nitapike, nikungoje."

"Na siku ya ubatizo, kanisa lote likikuangalia?"

Obuya aliyatazama maji yaliyomzunguka.

"Ingia na mimi," alisema.

"Nilikuwa tayari nimeamua," Mwongeli alisema, akambusu na maji yake yote ya puani.