Jini Lililolala Damuni

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla hata ya kuvaa soksi za shule, Sisimizi alisimama kando ya friji akiwa na glasi ya maji mkononi. Mama yake, fundi umeme, alikuwa akipanga bisibisi na koleo mkobani huku akitafuna mkate.

"Dawa?" mama aliuliza.

"Hii hapa, mama."

"Meza."

Sisimizi aliinua kiganja mdomoni, akagugumia maji na kumeza kwa kishindo ili mama asikie. Kisha akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mlango wa friji, akatia alama ya vema kwenye kadi ya dawa. Mama aliitazama ile vema, akaridhika, akaubeba mkoba na kutoka mbio.

Kidonge kilikuwa bado kimebanwa katikati ya vidole viwili. Sisimizi aliingia chumbani, akakidondosha ndani ya kiatu chake cha mvua, juu ya wenzake. Huo ulikuwa mwezi wa nne akifanya hivyo, na kiatu kilikuwa kimeanza kuwa kizito.

Mtu asije akadhani alikuwa mtoto mtukutu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mdogo wa umbo lakini hatulii mahali pamoja, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Sisimizi. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama njiani, damu haipiti, na maumivu yake hayasimuliki. Mwaka uliopita alilazwa hospitali mara nne. Alichotaka duniani ni kitu kimoja tu: maumivu yale yamwache.

Mbona basi aitupe dawa? Kisa ni neno moja.

Siku alipoanzishiwa dawa, nesi alikuwa akimpima uzito nyuma ya pazia. Upande wa pili daktari alikuwa akizungumza na mama. Feni ilikuwa ikinguruma, lakini masikio ya Sisimizi yalinasa maneno haya: "Jini yake imelala tangu alipokuwa mchanga. Dawa hii itaiamsha."

Jini! Alitaka kuuliza, ila aliona aibu nesi asije akamwona mjinga. Kesho yake shuleni akamwuliza mtu asiyefaa kuulizwa, rafiki yake Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimwi.

"Daktari mzima kasema hivyo?" Redio alitoa macho.

"Nimesikia mwenyewe. Kasema jini yake imelala."

"Lakini jini ni 'lake', siyo 'yake'."

"Labda madaktari husoma sayansi tu, sarufi hawaisomi."

"Hapo sawa," Redio alikubali. "Basi sikiliza, Sisimizi. Jini likiwa limelala ni bahati yako. Likiamka lina njaa. Na njaa yake litaimalizia wapi, kama siyo kwako?"

Tangu siku hiyo, Sisimizi hakumeza hata kidonge kimoja. Mara mbili katika miezi hiyo maumivu yalimwangusha kitandani, akauma shuka asilie kwa sauti. Hata hivyo alijipa moyo: afadhali maumivu anayoyajua kuliko jini asilolijua.

Ikafika siku ya kliniki. Daktari, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia puani, aliweka majibu ya damu mezani, akaweka na kadi ya dawa pembeni. Akatazama huku, akatazama kule.

"Sielewi," alisema. "Kadi imejaa vema tupu, na damu ni ileile ya mwanzo. Haijabadilika hata chembe."

"Daktari, dawa anameza," mama alijibu. "Mimi ndiye ninayesimama naye kila asubuhi."

"Sikukatalii, mama. Kuna watoto wachache ambao dawa hii haiwasaidii. Nafikiri naye yumo. Itabidi tuiache, tuanze kumwongezea damu hapa hospitali kila mwezi. Siyo njia rahisi, lakini tufanyeje?"

Mama aliyezoea kutambaa juu ya dari katikati ya nyaya bila kupepesa jicho, safari hii aliinamisha kichwa. Sisimizi hakuwahi kumwona hivyo. Daktari alivuta karatasi, akaanza kuandika.

Sisimizi alikuwa na kipaji cha kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Alifuata kalamu ya daktari neno kwa neno. Ghafla akanyoosha kidole.

"Samahani, daktari. Hapo umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika 'jeni'. Jini huandikwa kwa i."

Daktari alivua miwani.

"Jini gani, mjukuu wangu?"

"Si lile lililolala ndani yangu, ambalo dawa inaliamsha?"

Daktari alicheka hadi nesi akachungulia mlangoni. Mama naye, pamoja na huzuni yake, bega lilimtikisika.

"Njoo hapa," daktari alisema, akifuta machozi. "Ni jeni, kwa e. Jeni ni maagizo madogo sana yaliyoandikwa ndani ya mwili, unayarithi kwa baba na mama. Moja linasema macho yawe ya rangi gani, jingine linasema damu itengenezwe vipi. Wewe jeni yako ya damu ina kasoro. Lakini kila mtu huzaliwa na jeni nyingine, ile iliyotengeneza damu yake alipokuwa tumboni. Hiyo kwako haina kasoro hata kidogo. Tatizo ni kwamba mtoto akishazaliwa, mwili huizima polepole. Hauiondoi. Unaizima tu."

Mama aliinua kichwa. "Kwa hiyo umeme mkubwa una hitilafu, na jenereta ya akiba ipo stoo, nzima kabisa, ila swichi imezimwa?"

"Mama, ungekuja kunifundishia wanafunzi wangu! Ndivyo hasa. Hivi vidonge huisaidia hiyo swichi kuwaka kidogo. Na wako watafiti wanaotafuta namna ya kwenda moja kwa moja hadi kwenye swichi yenyewe na kuiwasha, bila kukata waya wowote. Kazi yao bado, wanapima polepole. Ndiyo maana tunawaandikia habari za kila mtoto: huyu imeamka, huyu haikuamka."

Sisimizi alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mchanga. Hakuna jini! Alitamani kucheka.

"Haya, hofu imekwisha," daktari alisema, akavaa miwani. "Kwa bahati mbaya dawa ndiyo hivyo, haijamfaa." Akashika tena kalamu.

Sisimizi aliitazama ile kalamu. Kosa la sikio lilikuwa limesamehewa kwa kicheko. Lakini vema zile hakuzisikia vibaya. Alizichora mwenyewe, moja moja, huku mama akitazama. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Dawa nzuri itaachwa, na watafiti wataandikiwa uongo. Alimtazama mama, akayaona macho yake mekundu.

"Usiandike, daktari," alisema. "Haikukataa kuamka. Sikuimeza."

"Hukumeza lini?" mama aliuliza.

"Siku zote, mama. Vidonge vyote vimo kwenye kiatu changu cha mvua."

Mama alisimama, akaketi, akasimama tena. "Miezi minne! Umemeza maji matupu mbele yangu miezi minne! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwaza kwamba atazaliwa mficha dawa!"

"Nisamehe, mama. Niliogopa. Redio alisema jini likiamka lina njaa."

"Najua uliogopa," mama alisema, mara akamvutia kifuani na kumbana mpaka kitufe cha shati kikamchoma Sisimizi shavuni. "Lakini leo jioni hicho kiatu tutakimwaga pamoja, na vidonge vyote vinarudi hapa."

Daktari aliichana ile karatasi vipande viwili. "Hii ndiyo habari njema kuliko zote za leo," alisema. "Afadhali umesema sasa. Kwa kuiamini kadi, ningekunyima dawa nzuri na kukuongezea damu kila mwezi bure. Tunaanza upya kesho."

Walianza upya. Safari hii Sisimizi alimeza, na mwezi baada ya mwezi walirudi kupimwa damu. Mwezi wa nne daktari aliwaonyesha majibu: damu inayotengenezwa na ile jeni iliyolala ilikuwa imeongezeka, na tangu waanze upya maumivu yalikuwa yamembishia hodi mara moja tu, tena kidogo. Ugonjwa haukuwa umeondoka, daktari alisema, ila jeni ilikuwa imefumbua jicho.

Walipotoka, Sisimizi aliteremka ngazi za hospitali mbilimbili. Mama alimfikia kwenye ngazi ya mwisho, akamshika bega.

"Nikwambie kitu, kisha sitakirudia," alisema. "Kutoelewa hakukukuumiza. Ungeuliza siku ileile tungecheka sote, tukaenda zetu nyumbani. Kilichokuumiza ni kalamu. Sikio lilikosea mara moja, mkono ukaongopa kila asubuhi. Usipoelewa, uliza anayejua, siyo Redio. Na ukishakosea, sema mapema, kwa sababu daktari hawezi kutibu uongo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia, au umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Sasa unaweza kukimbia."