Reli ya Sekela

Parachichi lilibiringika katikati ya soko la Tukuyu, likapita chini ya meza ya vitumbua, likawakosa kuku wawili waliofungwa miguu, likaenda kugonga mguu wa kamera ya watu. Mwenye kamera, Ambilikile, ndiyo kwanza alikuwa amempanga bwana mmoja mwenye suti ya mtumba asimame vizuri. Picha ikaharibika.

"Dada! Ndiyo mambo gani haya?"

"Samahani, kaka. Napima mteremko."

"Mteremko wa nini?"

"Wa treni."

Watu walicheka mpaka bwana wa suti naye akacheka. Treni Tukuyu! Wachina walipoijenga reli yao waliipitisha Mbeya, ikaenda zake Zambia, huku sisi tukaachiwa mvua na ndizi. Lakini msichana hakuona haya hata kidogo. Alikuwa amevaa jinzi na koti la mvua la njano, nywele kasuka twende kilioni, na midomo kaibenua kama mtu anayesubiri wamalize ujinga wao aendelee na kazi.

"Hiyo treni inatoka wapi inakwenda wapi?" Ambilikile aliuliza, parachichi likiwa mkononi mwake.

"Uyole, Isongole, Kiwira, hapa, Ushirika, Kyela, mpaka Itungi ziwani."

"Na mimi nitakata tiketi wapi?"

"Wewe? Wewe ni mpiga picha. Utanilipa nauli kwa picha."

Huyo ndiye Sekela. Alikuwa akisimamia kompyuta za kukodisha katika chumba kimoja mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, ambako watu walikwenda kutuma barua pepe na kuchapa barua za kuomba kazi. Katika mashine moja kulikuwa na mchezo wa treni: unakaa kwenye kiti cha dereva, unaendesha katika milima ya Ulaya, theluji huku na huku. Basi wenye mchezo walikuwa wametangaza kwamba mchezaji yeyote, popote alipo, apendekeze njia yenye mandhari ya kuvutia. Itakayoshinda wangeitengeneza, dunia nzima iiendeshe. Sekela alikuwa amechoka kuendesha treni kwenye milima ya watu wakati ya kwao ipo.

Tangu hapo, kila Ambilikile alipofunga studio yake mapema, wawili hao walitembea njia ya reli isiyokuwepo. Walipiga picha majani ya chai ya Katumba yakiwa na umande, na Mto Kiwira ukijipenyeza chini ya Daraja la Mungu. Walisubiri Mlima Rungwe uvue mawingu, mlima ukakataa, nao wakakaa chini ya mwavuli mmoja wakila mahindi ya kuchoma na kuandika pendekezo. Sekela alitamka, Ambilikile akaandika: "Kushoto kwa dereva ni Rungwe. Hauonekani kila siku, kwa hiyo siku ukionekana, abiria wote wahamie upande huo."

"Treni si itapinduka?" Ambilikile aliuliza.

"Ikipinduka nitakushika."

Mapenzi yakaanza hivyo, na yakawanogea. Studio ilitazamana na chumba cha kompyuta, barabara tu katikati, lakini Ambilikile alikuwa akipiga simu.

"Haloo, dereva wangu."

"Ambi, unamaliza vocha na ninakuona dirishani."

"Nataka kusikia sauti. Kukuona hakunitoshi."

"Haya, umesikia. Kata, kuna wateja."

"Sema kwanza."

"Nakupenda. Kata!"

Jumapili moja Ambilikile akateremka kijijini kwao, Masoko, na kumwambia baba yake kwamba amepata mchumba. Mzee Amoni, mkulima wa kahawa na ndizi, mzee wa kanisa, alifurahi mno. Habari ikazunguka kijiji kizima, ikapanda mjini kabla Ambilikile hajarudi. Ila kulikuwa na mtu mmoja hajaambiwa, naye ni Sekela.

Sasa, Wanyakyusa wa zamani wana heshima yao. Mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Akimwona njiani anachepuka, anajifunika kanga, hata kwenye migomba anaingia mpaka mzee apite, na mzee naye hamtafuti kwa macho. Vijana wengi wa mjini wameiacha, lakini kwa mzee Amoni ilikuwa sheria kama ya kanisani. Siku ya soko akavaa koti lake jeusi na kofia, akapanda Tukuyu, apite tu, mkwe amkimbie na watu waone.

"Shoga, mkweo huyo!" alinong'ona Samira, muuza vitambaa, akimtupia Sekela kanga. "Jifunike, chepuka!"

"Mkwe wangu? Tangu lini?"

"Mji mzima unajua!"

Sekela aliitazama ile kanga. Akaikunja vizuri, akairudisha juu ya meza. Kisha akaenda kusimama katikati ya njia, kichwa juu, mkono mbele.

"Shikamoo, tata," alisema, yaani baba.

Mzee Amoni akaitikia marahaba kwa mazoea tu, na mkono wake ukashikwa kabla hajauficha. Mzee aliutazama mkono wake, akageuka, akarudi Masoko bila kununua hata chumvi.

Ambilikile alikuja anahema.

"Umenikataa mbele ya watu wote!"

"Nimekukataa lini?"

"Umempa baba mkono! Mwanamke anayenitaka angejificha!"

"Nani kaniposa, Ambi? Soko zima linajua mimi ni mkwe wa Amoni isipokuwa mimi! Umewauliza baba yako, na shangazi zako, na ng'ombe nao labda umewauliza. Mimi hukuniuliza."

"Nilidhani unajua."

"Basi mimi nilidhani unanijua."

Hapo angenyamaza, yangeisha. Lakini mwanamume akiumia hutafuta pa kuumiza. "Haya," Ambilikile akasema. "Na hiyo reli yako ya hewani, piga picha mwenyewe." Akavuka barabara, akavuta pazia la studio.

Pazia halikufunguliwa tena. Sekela alilia, tena sana, huku akichapa. Alilipeleka pendekezo na picha alizokuwa nazo, zilizoishia Tukuyu, na kuanzia hapo mpaka ziwani akaeleza kwa maneno tu. Majibu yalipokuja yalikuwa mafupi: katika ramani zao reli hiyo haipo. Walimshauri apendekeze ile ya Mbeya.

Wateja waliosoma nyuma ya bega lake waliangua kicheko. Sekela akajibu papo hapo, vidole vikigonga kama mvua juu ya bati: "Najua haipo. Ingekuwepo ningeipanda, nisingeipendekeza. Mlisema njia yenye mandhari, hamkusema njia ambayo wengine wamekwisha kutujengea."

"Shoga, unagombana na wazungu?" alishangaa Samira, aliyekuwa amepita kumsalimia.

"Nagombana na yeyote. Mchezo una sehemu ya kujitengenezea njia. Wasipoijenga wao, nitaijenga mimi." Siku hiyo hiyo akaanza kutandika reli ya kwanza kutoka Uyole.

Kicheko hicho kikavuka barabara. Mteja mmoja studioni, akichana nywele mbele ya kioo, alisema, "Yule chizi wako wa treni ya hewani, nasikia wamemkatalia."

Ambilikile akafungua mlango. "Toka."

"Picha yangu je?"

"Toka nje! Reli hiyo ipo. Mimi nimetembea juu yake."

Akafunga studio, akateremka Ushirika, Kyela, mpaka Itungi, akapiga mkanda mzima: mashamba ya mpunga, Milima ya Livingstone ikiwa ya buluu, boti kwenye maji. Alirudi na matope hadi magotini, akaingia kwenye chumba cha kompyuta akaweka picha mezani. Sekela hakuinua macho.

"Nimesikia wamekataa," Ambilikile alisema.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuwa mjinga, Sekela. Nimezunguka kwa watu wote nikakuruka wewe. Sasa nakuuliza wewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Utakubali nikuoe?"

Sekela alizishika picha moja moja.

"Nakupenda mpaka nakasirika," alisema. "Lakini baba yako simkimbii. Nitampikia, nitamheshimu, nitamsalimia. Kujificha kwenye migomba kama mwizi wa ndizi, hapana. Unaweza kumwambia hivyo?"

Ambilikile alitikisa kichwa. "Kumwambia siwezi. Ila ukimwambia wewe, mimi nitasimama pembeni yako."

"Hutaniachia mkono?"

"Sitakuachia."

Siku ya soko iliyofuata walisimama katikati ya njia, mvua ikinyunya, Sekela na gauni lake jekundu la kanisani, Ambilikile na tai. Mzee Amoni alitokea na kofia yake na koti lake. Watu wakaacha kununua. Alipokaribia, Sekela akanyoosha mkono.

Mzee alisimama. Akamtazama mwanawe, akaona mikono yao ilivyoshikana, na mwanawe hakuinamisha uso. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaishusha kofia mpaka puani, akachepuka njia, akaenda kuchutama nyuma ya rundo la mikungu ya ndizi.

Samira ndiye aliyeelewa kwanza. Kigelegele chake kilifika stendi. Mzee Amoni hajawahi kumkimbia mwanamke yeyote maishani mwake, na kuna mwanamke wa aina moja tu ambaye mzee wa Kinyakyusa hukwepana naye namna hiyo: mke wa mwanawe.

"Mwambieni mkwe wangu apite upesi," sauti ilisema kutoka nyuma ya ndizi, "magoti yananiuma. Na mwambieni hiyo treni yake ipite Masoko. Ndizi zetu zinaoza tukisubiri magari."

Sekela alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mkono haukushuka.

"Mwambieni baba mkwe kuna korongo kubwa huko. Itabidi nijenge daraja."

"Basi ajenge!" mzee akafoka. "Nani kamzuia?"